Tumbo Halina Macho

Katika mtaa wetu wa Msasani, hapa Tukuyu, watu wengi wamenikasirisha na nikawasamehe. Hasira ni kama mvua ya huku kwetu, inanyesha, inakatika, kesho inanyesha tena. Dharau ni kitu kingine. Dharau nimempa mtu mmoja tu, na kwa miaka mingi sikumpunguzia hata chembe. Jina analo, lakini hakuna aliyewahi kulitumia. Hata mkewe alimwita kama sote tulivyomwita: Bwana Afya.

Aliletwa huku kwa uhamisho, kijana wa serikali, kukagua vyoo, mabucha, visima na migahawa. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimefungua mgahawa wangu karibu na stendi, chumba kimoja chenye meza chache na jiko la kuni nyuma. Siku ya kwanza aliyoingia kwangu alikuwa amevaa koti jeupe na ameshika tochi, mchana kweupe. Akamulika chini ya meza, akamulika nyuma ya mlango, kisha akamulika sufuria ya supu iliyokuwa inachemka. Akasema kifuniko kina kutu. Nikamwambia kifuniko nitabadilisha leo hii. Akasema supu iliyofunikwa kwa kutu nayo ni kutu. Akatoa kitambaa mfukoni, akaishika sufuria yeye mwenyewe, akaimwaga mtaroni polepole, mbele ya wateja waliokuwa wameshika vijiko. Alipomaliza alinitabasamia kama mtu aliyenifanyia hisani.

Kifuniko kilikuwa na kutu kweli, hilo silikatai. Lakini wako watu wanaomwaga chakula cha mwenzao kwa sababu wamelazimika, na wako wanaokimwaga kwa raha.

Alikuwa na misemo yake, na kila msemo aliutoa kana kwamba ndiyo kwanza umeshuka kutoka mbinguni. "Tumbo ni ofisi," alikuwa akisema, "bila msimamizi linakula rushwa." Akikuta mtu anakula chapati barabarani alimwambia kwamba mdomo ni mlango na mwenye akili huweka mlinzi mlangoni. Hakusalimu kama watu wanavyosalimu. Huku kwetu mtu akikusabahi unajibu ndaga, unauliza wa nyumbani, unauliza na ng'ombe. Yeye ukimwambia za asubuhi alikutazama kuanzia miguuni, akapanda mpaka shingoni, akakujibu kwa kukwambia umeongezeka.

Nitasema na hili, ingawa sipendi kulisema. Mwaka ule kipindupindu kilipoingia mtaani, yeye ndiye aliyeingia nyumba ambazo ndugu wenyewe walikuwa wamezikimbia. Alinyunyiza dawa kwa mikono yake, akachemsha maji, akambeba bibi mmoja mgongoni kutoka bondeni hadi barabarani, bibi anamtapikia shingoni, naye anatembea. Yule bibi alipona. Bwana Afya alipomtembelea baadaye, akiwa bado amelala kitandani, alimwambia kwamba yote hayo aliyataka mwenyewe kwa kutonawa. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Akikupa jambo jema kwa mkono mmoja, la kukuumiza linafuata kwa mkono mwingine, na kwake yote mawili yalikuwa wema.

Kiuno chake kilimzidi hata kabla hajastaafu. Miaka yote aliyokagua vyakula vya watu alikuwa akionja, na wakati wa kuonja hakuchukua kijiko kidogo. Alipostaafu akaanza kunywa maji kama gari bovu na kwenda chooni kila mara, mpaka wakampima hospitali na kumwambia ana kisukari, apunguze uzito. Mtu mwingine angerudi nyumbani ameinamisha kichwa. Yeye alirudi kama aliyepandishwa cheo.

Afisa lishe wa pale, binti mpole aliyehamishiwa huku kutoka pwani, alimweleza kwamba si lazima mchuzi uwe mzito kwa unga na mafuta. Kuna mimea yenye ute, kama bamia na mlenda. Kuna mbegu za chia na za kitani. Kuna gundi za miti na za mbegu, ambazo ukitia kidogo tu mchuzi unashika kijiko, tumbo linajaa, sukari inaingia kwenye damu polepole, na kalori karibu hakuna. Akamwambia pia, nami nimelisikia kwa binti mwenyewe, kwamba vitu hivi vinasaidia chakula, havichukui nafasi ya chakula. Lile la kwanza Bwana Afya alilibeba nyumbani. La pili alilisahau pale pale kwenye kiti.

Akamwondoa mkewe jikoni. Mama Tumpe, kama tunavyomwita kwa jina la binti yao mkubwa, alikuwa amepika katika jiko lile tangu alipoolewa. Asubuhi moja alikuta masufuria yake yamehamishwa na mezani kuna makopo. Kulikuwa na gundi ya mgunga, madonge ya rangi ya asali, aliyotumiwa kwa basi kutoka mikoa ile kavu ya katikati. Kulikuwa na maganda ya isabgol, yale wanayouza duka la dawa kwa watu wenye choo kigumu. Kulikuwa na mlenda mkavu uliosagwa. Na juu ya yote kulikuwa na unga mweupe wa guwari, gundi ya mbegu za jamii ya kunde, aliouagiza Mbeya, akauficha kabatini kama dhahabu.

Mwanzoni alihangaika. Gundi ya mgunga aliitwanga, akaiyeyusha kwa maji ya uvuguvugu, akaimimina kwenye mchuzi, na mchuzi ukang'aa vizuri lakini ukabaki mwepesi vile vile. Akatia nyingine, na nyingine, mpaka mchuzi ukawa na ladha ya ubao. Unga wa guwari nao aliutupa wote kwa mpigo kwenye supu ya moto, ukafanya mabonge yenye unga mkavu ndani, kama macho ya samaki. Lakini hakuwa mvivu. Akajifunza kuuchanganya kwanza na chumvi na viungo vikavu, kisha kuunyunyiza kutoka juu kwa vidole viwili huku mkono mwingine ukikoroga bila kusimama. Akajua kwamba haba na haba inatosha na kwamba hupaswi kuongeza kabla hujasubiri. Akapika maharage yenye rojo bila tone la mafuta, uji mzito wenye unga wa kuhesabika, mchuzi wa nyanya ulioshuka kwenye kijiko polepole kama wenye karanga. Niliuonja. Ulikuwa umepikwa kwa ufundi, na haukuwa na kitu ndani. Unameza, unahisi kitu kimepita, unajiuliza ni nini kilichopita.

"Tumbo halina macho," aliniambia siku hiyo, amesimama karibu nami kusubiri sifa. "Linajua limejaa tu. Halijui limejaa nini."

Nikamwambia kwamba hata gunia linaweza kujaa. Hakunisikia. Alikuwa anatazama mchuzi ukishuka kwenye kijiko.

Na ulimsaidia. Hapo ndipo tulipokosea sisi majirani, tulitegemea aumbuke. Sukari yake ilishuka, uso ukapungua, tumbo likarudi ndani. Akaanza tabia ya kuingiza ngumi kwenye kiuno cha suruali na kuivuta mbele, kuonyesha nafasi iliyobaki. Alifanya hivyo dukani, alifanya hivyo sokoni, alifanya hivyo kwenye uwanja wa kanisa watu wakitoka ibadani. Hakutaka kununua suruali nyingine, maana ushahidi ungepotea. Hospitali wakamwita azungumze na wagonjwa wenzake, na yule binti afisa lishe akamsifu mbele za watu. Wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alitia maji na gundi.

Akina mama wa kanisa kule Bulyaga walimwalika apike kwenye semina yao. Mimi nilikwenda kwa sababu walikuwa wamekodi masufuria yangu. Alikuja amevaa lile koti lake jeupe, akawaambia wanawake wakae mbali na jiko. Alizoea chungu cha watu wawili. Sasa alikuwa na sufuria la watu wa semina nzima, na badala ya kuanza na kidogo alinyunyiza mara ya kwanza, hakuona kitu, akanyunyiza ya pili, hakuona kitu, akanyunyiza tena. Kisha yote yakaja pamoja. Mwiko ukasimama wenyewe. Mama mmoja mwimbaji wa kwaya alipojaribu kupakua, supu yote ilitaka kumfuata, ikining'inia kwenye upawa kama nguo iliyofuliwa. Bwana Afya akasema subirini, italegea. Tukasubiri. Haikulegea. Akasema basi hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe, akasimama pale mpaka kila mmoja amekula.

Kipindi cha mchana kilikuwa cha maombi ya kimya. Sijawahi kusikia kimya chenye kelele kama kile. Matumbo yalinguruma kutoka benchi la mbele mpaka la nyuma, yakajibizana, na mengine yakatoa sauti ambazo mwanamke wa heshima hazitoi kanisani. Mchungaji alisema amina mapema. Bwana Afya, alipoulizwa, alisema wanawake hawakuzoea nyuzinyuzi, kosa ni la matumbo yao.

Haya ya semina tuliyacheka. Kuna moja ambalo sikulicheka. Fundi cherehani wa mtaa wetu alipofariki, tulikuwa tunapika msibani, na dada wa marehemu, mama mnene aliyesafiri usiku kucha kutoka Songea, alikuwa amekaa chini ameshika sahani ya ndizi. Alikuwa hajala tangu alipopokea simu. Bwana Afya alikuja akainama mbele yake, tukadhani anampa pole. Akamwambia kwamba huzuni ni mzigo kwa moyo, na moyo wa mtu mnene tayari una mzigo, kwa hiyo aache hizo ndizi. Yule mama aliweka sahani chini. Hakulia, aliiweka tu chini, akajifunika khanga.

Nilimfukuza kwa mwiko. Nilimwambia aondoke mahali pa kupikia, na kama anataka kukagua maiti aende ndani. Alinyoosha koti lake akasema ukweli hauna msiba. Tangu siku hiyo sikumwamkia. Nilimpita barabarani kama ninavyopita nguzo ya umeme.

Lakini nyumba yake na yangu zinapakana, na uzio ni wa majani ya mabingobingo tu. Mtu wa nyumba ya pili huwezi kutomwona mkewe.

Mama Tumpe ni mzaliwa wa Nkunga. Ni mrefu, na tangu ujana wake hajawahi kuwa na nyama ya ziada. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache mumewe alimkata katikati kuyasahihisha. Akisema kalibu, Bwana Afya mbele ya wageni alisema karibu, kana kwamba anamfundisha mtoto. Basi akapunguza kusema. Mumewe alipochukua jiko, alisema nyumba moja haiwezi kuwa na vyungu viwili, kinachomfaa mgonjwa kinamfaa mzima zaidi. Kwa hiyo mwanamke asiye na kisukari, asiye na uzito wa kupunguza, anayetoka asubuhi kwenda kulima shamba lao la chai, alikunywa uji wa isabgol na kurudi kwenye mchuzi wa guwari. Tuko Rungwe. Parachichi linaoza chini ya mti, ndizi tunawapa ng'ombe, maziwa yanaganda kwa kukosa mnywaji. Penye miti hapana wajenzi, lakini sikujua kwamba penye chakula pia panaweza kuwa na njaa.

Nilianza kuona blauzi zake zinamcheza. Kisha akaanza kuja nyuma ya mgahawa wangu asubuhi, akisema amepita tu. Alikuta ninamenya ndizi, akachukua kisu, akamenya pamoja nami. Alimenya ndoo nzima. Nilipompakulia sahani alikataa, akakataa tena, kisha akala, ameipa mgongo barabara. Kesho yake akaja tena. Nikaelewa kwamba anamenya ili asile bure.

Siku moja nilimuuliza kwa nini hamwambii mumewe. Alifuta kisu kwenye majani.

"Nimwambie nini?" alisema. "Akiniuliza kama nimeshiba, nimeshiba. Tumbo limejaa, Mama Lusajo. Mwenye njaa ni mimi."

Nilimwongezea ndizi.

Alianguka mikononi mwangu, pale pale nyuma ya mgahawa, kisu kikiwa bado mkononi na ndizi ya kwanza haijaisha kumenywa. Hakupiga kelele. Aliinama kama anayetafuta kitu chini, akaendelea kuinama. Tukampakia kwenye bajaji, kichwa chake kwenye mapaja yangu, na njia nzima ya hospitali nilishangaa jinsi mwanamke mrefu kiasi kile alivyokuwa mwepesi.

Damu ilikuwa imepungua sana. Daktari alikuwa mwanamke kijana, si wa huku, anaongea taratibu. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kumuuliza Mama Tumpe anakula nini, Bwana Afya akaingia. Alikuwa amebeba hotipoti. Akajibu yeye. Akaeleza uji, akaeleza mchuzi, akaeleza kazi ya nyuzinyuzi na kiasi cha gundi kwa kila kikombe, akafungua hotipoti ili daktari aone jinsi kitu kinavyoshika kijiko. Daktari alimwacha amalize. Kisha akamuuliza yeye ana kilo ngapi. Alitaja, mpaka na nukta. Akamuuliza mkewe ana kilo ngapi.

Bwana Afya alimtazama mkewe kitandani kama mtu anayetafuta kibao kilichoandikwa.

"Baba," daktari alisema, "hiki ni chakula chako, na kwako ni kizuri. Cha mama kiko wapi?"

Nilisubiri aone aibu. Kuna watu wanaoweza kuona aibu na kuna wasioweza, na huyu alianza kumweleza daktari kwamba tatizo huenda ni minyoo.

Mama Tumpe ndiye aliyemkatisha. Tangu niwafahamu sikuwahi kumsikia akimkatisha. Hakumtazama mumewe, alimtazama daktari, akasema kwa sauti ndogo kwamba akiruhusiwa anaomba kwenda kwao.

Daktari alimruhusu baada ya damu kurudi. Nje ya lango la hospitali Bwana Afya alikuwa amesimamisha bajaji ya kurudi Msasani. Mama Tumpe aliipita, akavuka barabara na kifurushi chake, akapanda gari dogo la Nkunga, akakaa kiti cha mbele. Binti yao Tumpe alikuwa amekuja kutoka Mbeya, naye akapanda nyuma ya mama yake bila kugeuka. Mumewe alibaki na mlango wa bajaji mkononi. Dereva alimuuliza mara mbili wanakwenda wapi.

Kwa miezi iliyofuata aliwaambia watu mkewe yuko likizo. Likizo ilipozidi kuwa ndefu, akasema ni uhamisho wa muda. Mtaa mzima ulikuwa unajua, nami nilihakikisha wasiojua wanajua. Alimfuata Nkunga akiwa na kopo jipya la guwari, akamweleza mbele ya shemeji zake jinsi ya kulitumia kidogo kidogo safari hii. Mama Tumpe alilipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaliweka juu ya ukuta wa zizi na kuliacha hapo. Mvua ikanyesha. Niliambiwa lile kopo lilivimba, likafumuka, likashuka ukutani kama kamasi, na kuku wakatembea juu yake wakiinua miguu kwa kuchukia. Kisa hicho kilinifurahisha kwa wiki nyingi. Nilikisimulia kwa kila aliyeagiza supu.

Mimi hununua ndizi zangu Nkunga, kwa hiyo Mama Tumpe ninamwona. Yuko kwenye mji wa marehemu kaka yake, ana migomba yake, ana ng'ombe mmoja, na mashavu yamerudi. Blauzi zinamkaa. Anaongea zaidi kuliko nilivyowahi kumsikia, na anasema kalibu bila mtu kumsahihisha. Nilipomuuliza kama atarudi Msasani alisema haijui kesho. Mpaka sasa hajarudi.

Nilidhani habari ya Bwana Afya imeishia hapo. Lakini msimu huu wa mvua, asubuhi moja yenye ukungu, aliingia mgahawani kwangu. Hakuwahi kuingia kama mteja, na siku hiyo pia hakuwa mteja. Alisimama karibu na kaunta, maji yanamtiririka, suruali ameifunga kwa kamba kwa sababu mkanda ulikuwa umeisha matundu. Sasa alikuwa amepungua kupita alivyopaswa. Ndiyo hali ya mtu anayekula peke yake.

Alisubiri wateja wawili watoke. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba njia: "Mama Lusajo, mke wangu anapenda kula nini?"

Nilicheka. Sikujizuia wala sikujificha. Nikamwambia umekaa naye miaka yote hiyo, umezaa naye, umemzuia kuingia kwenye jiko lake mwenyewe, na leo unakuja kuniuliza mimi muuza supu.

"Nimemuuliza," alisema. "Anasema chochote."

Nilimwambia amuulize tena. Nikamwambia na akijibu, asimfundishe.

Alifungua mdomo. Nilijua kinachokuja, msemo mwingine wa ofisi na rushwa. Lakini akaufunga, akatoka kwenye mvua. Wateja waliofuata niliwasimulia, tukacheka pamoja, mmoja akasema mwanaume wa namna hiyo anafaa kuwekwa makumbusho. Sikumhurumia. Ninalisema wazi ili mtu asifikiri kwamba nililainika. Nilimdharau mpaka alipofika kona, na hata baada ya hapo.

Akarudi wiki iliyofuata, wakati ule ule, kabla watu wa mchana hawajaanza kuingia. Nilikuwa ninachochea kuni. Safari hii alipitia mlango wa nyuma, akasimama kwenye kizingiti, hakuingia mpaka nilipomwambia aingie. Akasema amemuuliza. Alimkuta anapukuchua maharage, akakaa kwenye kigoda, akauliza, akanyamaza. Mama Tumpe aliendelea kupukuchua. Alimaliza ungo mzima. Yeye Bwana Afya alisema ilimbidi aume ulimi, na alinionyesha ulimi wenyewe, kana kwamba ninataka kuona.

"Akasema nini?" nilimuuliza, maana sasa nilitaka kujua.

"Ukoko."

Sikuelewa kwanza. Akarudia, ukoko, ukoko wa wali, ule wa chini kabisa ulioshika sufuria. Mkewe alimwambia kwamba utotoni yeye na kaka yake waligombea kuukwangua, na kwamba tangu aolewe hajauonja.

"Mimi nilikuwa naloweka sufuria, Mama Lusajo," alisema. "Chakula kikipakuliwa tu, namimina maji. Nilikuwa nasema masalia yanaleta vijidudu. Kila siku namimina, na yeye amesimama pale ameshika mwiko. Nilidhani ananisubiri nimalize ili aoshe."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Nilikuwa nimeyahifadhi kwa miaka, tangu supu yangu ilipokwenda mtaroni, na mengine tangu yule mama wa Songea alipoweka sahani chini. Nilimtazama usoni ili nimwambie, na yeye alikuwa anatazama sufuria yangu ya wali jikoni, anaitazama kwa makini, kama mwanafunzi mzito wa kuelewa aliyeamua safari hii ataelewa.

Akasema amejaribu nyumbani. Akasema, bila kutania, maana hajui kutania, kwamba gundi haifanyi ukoko. Amejaribu ya mgunga, amejaribu ya guwari, zote zinatoa utando tu, unabanduka kama ngozi ya malengelenge. Bila gundi nao wali wake unaungua wote mpaka juu. Akauliza kama ninaweza kumwonyesha namna ya kuunguza wali chini bila kuuharibu juu, kwa sababu Jumamosi anakwenda Nkunga na anataka kwenda na sufuria.

Kuni zililia. Wali ulikuwa unakaribia kukauka, na ni wakati huo huo unapopaswa kupunguza moto na kuweka makaa juu ya kifuniko, ukichelewa umechelewa. Alikuwa tayari amekunja mikono ya shati na ameunyoosha mkono kuelekea kifuniko changu.

"Kanawe kwanza," nikamwambia.